Mkwara wa karata nne: upige lini, utulie lini

Swali ninaloulizwa zaidi na wanaokuja kujifunza Omaha kwenye kikundi chetu cha karata halihusu sheria. Sheria mtu anazishika jioni moja. Wanauliza: "Kaka, mkwara unapigwa saa ngapi?" Na wengi wanapouliza hivyo tayari wana jibu lao kichwani, kwamba mkwara ni suala la uso mkavu, miwani nyeusi na roho ngumu, kama walivyoona kwenye sinema. Mimi nasoma takwimu, na jibu langu huwa linawakatisha tamaa kidogo. Mkwara kwanza ni bei. Ukishaijua bei ndipo unauliza kama hadithi yako inaaminika, na kama huyo unayemsimulia ana tabia ya kuamini.

Naandika sasa kwa sababu moja. Tangu tuanze tunacheza kwa maharage, makavu, tuliyochangiana, na kila mtu anaanza na punje 200. Sasa boom limetoka, na wenzetu watatu wameleta hoja kwamba tuhamie kwenye shilingi. Tutapiga kura mwisho wa mwezi. Hoja yao si ya kijinga hata kidogo, nitaifikia huko mbele, lakini huwezi kuipima vizuri kama hujui mkwara unafanyaje kazi. Kwa hiyo tuanze na mchezo wenyewe.

Omaha ni ndugu wa Texas Hold'em, na ilianza kuvuma kwenye kasino za Las Vegas mwanzoni mwa miaka ya 1980. Tofauti ni kwamba badala ya karata mbili za siri, kila mchezaji anapewa nne. Mezani zinafunuliwa tano kwa wote: tatu kwa mpigo, kisha ya nne, kisha ya tano, na kila hatua ina raundi yake ya kuweka dau. Mwisho unaunda mkono wa karata tano kwa kuchukua mbili zako na tatu za mezani. Mbili kamili. Si moja, si tatu. Mezani kukiwa na shupaza nne na wewe una ree ya shupaza peke yake, huna flashi, hata ungelia. Hapa ndipo wageni wengi wanapoteza maharage yao ya kwanza.

(Kwa wale waliouliza: shupaza, kopa, uru na pau si maneno ya kubuni ya kikundi chetu. Ni majina ya karata ya Kiswahili cha siku nyingi, na yalikuja pwani na Wareno, ambao wao husema espadas, copas, ouros na paus. Ree ndiyo ile wengine mnaita esi. Kamusi inamwita mfalme "mzungu wa nne", lakini hapo mezani tumeshindwa kulitumia bila kucheka.)

Sasa kwa nini karata nne zibadilishe habari ya mkwara? Kwa sababu nne zinakupa jozi sita tofauti za kuchagua, na mwenzako naye anazo sita. Kwenye Hold'em kuna mikono 1,326 ya kuanzia. Kwenye Omaha ipo 270,725. Matokeo yake ni kwamba kila mtu ana kitu. Chukua mfano huu, nimeupiga mwenyewe kwa kalamu na unaweza kuurudia. Karata zote tano zimefunuliwa, tatu kati yake ni shupaza, na wewe mkononi una shupaza moja. Zimebaki shupaza tisa usizoziona. Kwenye Hold'em, mtu mwenye karata mbili za bahati nasibu ana flashi mara 36 kati ya 990, yaani asilimia 3.6. Kwenye Omaha, mtu mwenye karata nne za bahati nasibu ana shupaza mbili au zaidi kwa asilimia 18.8. Hiyo ni zaidi ya mara tano. Na bado hapo nimemdhania ni mtu wa bahati nasibu, wakati mtu aliyelipa mpaka karata ya tano hakulipa kwa bahati nasibu. Alikuwa anasubiri kitu, na mara nyingi kitu chenyewe ndicho hicho.

Ndiyo maana mkwara wa Hold'em ukihamishiwa Omaha kama ulivyo unakufa. Kule unaweza kusema "nina mkono mzuri" na mwenzako mwenye jozi moja akaogopa. Huku jozi moja ni takataka, jozi mbili ni mashaka, na watu wamezoea kushika mifululizo na mafulu. Kusema una mkono mzuri hakumtishi mtu. Inabidi useme una mkono usioshindika kabisa, ule ambao ukiwa nao hakuna wa kukugusa kwa karata zile za mezani. Na inabidi iwezekane kweli kwamba unao.

Tuje kwenye bei. Sehemu ya pili ya jina la mchezo inasema dau lako haliwezi kuzidi kitita kilichopo katikati. Kama kitita ni 60, unaweza kuweka hadi 60. Kupandisha dau la mwenzako kuna hesabu yake: kwanza unalipa alichoweka, kisha unapandisha kwa jumla yote iliyopo baada ya kulipa. Kitita 60, mwenzako kaweka 40. Unalipa 40, katikati panakuwa na 140, basi unaruhusiwa kuongeza 140. Mkononi mwako zinatoka punje 180 kwa mkupuo.

Bei ya mkwara mtupu, ule ambao ukilipwa huna lolote, ni hii: chukua unachohatarisha, ugawe kwa jumla ya unachohatarisha na kile unachotaka kukishinda. Ukiweka 60 kushinda 60, ni 60 kwa 120, nusu. Lazima mwenzako atupe karata zaidi ya mara moja katika kila mbili, la sivyo unagawa sadaka. Ukiweka nusu ya kitita, unahitaji mara moja katika tatu tu. Lakini ule mkwara wa kupandisha juu ya dau la mtu, 180 kwa ajili ya 100 zilizopo, unahitaji ufaulu mara 64 kati ya 100, tena dhidi ya mtu ambaye ameshasema kwa vitendo kwamba ana kitu. Vijana wanaupenda sana huo kwa sababu una kishindo. Mimi nimeuona ukilipwa mara nyingi kuliko kuaminiwa.

Utasema, basi niweke kidogo kidogo kila mara, bei ni rahisi. Hapana, kwa sababu unampunguzia na yeye bei. Dau la kitita kizima linamlazimisha kulipa moja ili ashinde mbili, hivyo anahitaji kuwa mbele yako angalau theluthi moja ya nyakati. Dau la nusu ya kitita linamhitaji awe mbele robo tu. Mtu mwenye flashi ndogo atalipa robo huku anapiga miayo. Kwenye mchezo huu, ambao kila mmoja ana kitu, mimi napendelea mkwara wa bei kamili au nisipige kabisa. Wenzangu kwenye kikundi hawakubaliani na hili, na mmoja ana hoja nzuri kwamba mezani kukiwa na jozi, dau la nusu linatosha kumfukuza asiye na fulu. Hapo namwachia.

Sasa tuingie kwenye kitu ambacho ndicho moyo wa mkwara wa Omaha, nacho ni kizibo. Karata uliyoishika wewe haiwezi kuwa mkononi mwa mwingine. Ni ukweli mwepesi kiasi kwamba watu wanaupita bila kuusalimia. Ukiwa na karata nne unaona nne ambazo wenzako hawana, na wakati mwingine moja kati ya hizo ndiyo ile ambayo bila hiyo hakuna mtu anayeweza kuwa na mkono usioshindika.

Mfano maarufu kuliko yote ni ree kavu. Mezani shupaza tatu, hakuna jozi. Wewe una ree ya shupaza, na shupaza nyingine huna. Flashi huna. Lakini unajua kwa uhakika wa asilimia 100 kwamba hakuna hata mtu mmoja mezani mwenye flashi ya ree. Mwenye flashi ya mfalme anajua ni ya pili kwa ukubwa. Mwenye flashi ya jeki anajua kwamba akilipa kitita kizima mara tatu, karata baada ya karata, anaweza kuwa anamlipia mwenye ree. Wewe ndiye peke yako unayejua kwamba huyo mwenye ree hayupo. Ni kama kwenda kwenye mnada ukiwa wewe peke yako unajua kwamba tajiri mwenyewe kasafiri.

Ila sharti la ree kavu ni kwamba hadithi ianze mapema. Kama shupaza ya tatu imekuja kwenye karata ya nne na wewe toka mwanzo ulikuwa unaweka dau kama mtu anayesubiri flashi, kisha ukaendelea, hadithi inashikana. Kama ulikuwa unagonga meza na kulipa kinyonge, halafu karata ya tano inafunuliwa ghafla unakuwa simba, msikilizaji anajiuliza simba huyu alikuwa wapi. Mchezaji mzuri anarudisha mkanda nyuma: kabla ya meza alifanya nini, karata tatu zilipofunuliwa alifanya nini, ya nne je. Mkwara ni kesi ambayo ushahidi wake wote umeshatolewa hadharani kabla hujafungua mdomo.

Na kuna mahali ree kavu haina kazi kabisa. Mezani pakitokea jozi, tuseme mfalme, tisa na nne za shupaza, halafu tisa ya uru, flashi si mkono usioshindika tena. Fulu inaipita, na tisa nne zinazipita zote. Sasa ree yako inaziba nini? Inaziba kitu ambacho hakuna anayekiogopa. Hapo vizibo vya maana ni tisa na wafalme. Mtu mwenye wafalme wawili mkononi hapigi mkwara, ana fulu yake. Lakini mwenye tisa moja na takataka tatu anajua kwamba imebaki tisa moja tu duniani, na hadithi ya fulu ni yake kuisimulia. Naona watu wamekariri "ree kavu, piga" kama wanavyokariri fomula usiku wa kuamkia mtihani. Swali la kujiuliza ni moja: mkono gani hapa hauogopi dau langu, na nimeziba kiasi gani cha mikono hiyo?

Kiasi gani, kwa hesabu? Tuchukue mifululizo, kwa sababu kule kizibo hakizibi chote, kinaziba nusu. Mezani kuna tisa, nane, saba, mfalme na mbili, aina mchanganyiko, hakuna flashi wala jozi. Mkono usioshindika ni jeki na kumi. Kama wewe huna jeki wala kumi yoyote, mtu wa bahati nasibu anao mkono huo kwa asilimia 9.1. Ukiwa na kumi mbili mkononi, bila jeki, nafasi yake inashuka hadi asilimia 4.8. Karibu nusu imefutwa na karata zako mbili tu, na zaidi ya hapo kumi zako zinapunguza pia ule mfululizo wa pili, wa kumi na sita. Jozi ya kumi ambayo kwa macho ya mgeni ni mkono dhaifu, kwa macho ya mpiga mkwara ni silaha. Linganisha na mtu mwenye ree, ree, malkia na tatu kwenye meza hiyo hiyo. Anajisikia tajiri kwa sababu ya ree mbili, lakini hajaziba kitu. Akipiga mkwara hapo anaomba tu.

Mpaka hapa nimeongelea karata ya tano, ambapo huna tena pa kukimbilia. Kabla ya hapo kuna mnyama mwingine, nusu mkwara, na huyu ndiye anayelisha familia. Unaweka dau bila mkono, lakini una njia nyingi za kuupata. Omaha ina njia nyingi kuliko Hold'em: kule mfululizo wa wazi pande zote mbili unasubiri karata nane, huku karata nne zilizofuatana vizuri zinaweza kusubiri hadi 20. Tuseme kitita ni 100, kila mmoja wenu kabakiwa na 100, nawe unasukuma zote. Unadhani mwenzako atatupa mara 3 kati ya 10 tu. Akilipa, wewe bado utashinda mara 4 kati ya 10. Mara 3 unachukua 100 bila kupigana. Mara 7 mnapigania 300, sehemu yako ni 120, umetoa 100, faida 20. Jumla: 30 na 14, faida ya punje 44 kwa wastani, ingawa mtu anakulipa karibu kila mara! Sasa fanya hivyo hivyo ukiwa na njia kidogo, ushindi mara 1 kati ya 10: mara 3 unapata 100, mara 7 unapoteza 70. Hasara 19 kwa kila jaribio. Kilichobadilika ni ulichoshika chini ya dau, ujasiri uleule.

Kwa hiyo kabla ya karata ya tano mimi siulizi "ataogopa?" Nauliza "akinilipa, nina nini?" Asilimia kubwa ya mikwara yangu inapita mlango huo. Na njia zenyewe ziwe za mkono usioshindika. Kusubiri flashi ya tisa ni kusubiri kupigwa kwa heshima.

Wangapi wako mbele yako? Hili sitalichelewesha. Kama kila mmoja anatupa mara 7 kati ya 10, mmoja ni 70, wawili ni 49, watatu ni 34. Tayari na wawili mkwara wa kitita kizima hauna faida. Kwenye kikundi chetu wanaoingia kila raundi huwa wanne au watano, maana kila mtu anaziona karata zake nne ni nzuri. Jibu la lini upige hapo ni fupi sana.

Nani, basi. John von Neumann, mwanahisabati wa Hungaria aliyehamia Marekani, aliweka poka kwenye kitabu alichoandika na Oskar Morgenstern mwaka 1944, kile kilichoanzisha nadharia ya michezo kama somo. Kwenye mfano wake mdogo wa poka, mchezaji anayecheza vizuri anaweka dau kubwa kwa mikono bora na kwa mikono mibaya kabisa, ile ya katikati anagonga meza. Wanafunzi wa uchumi mtakutana naye mwaka wa pili. Kutoka huko inatoka kanuni ya uwiano: ukiweka kitita kizima kwenye karata ya mwisho, kwa kila mara mbili unazokuwa na mkono wa kweli, mara moja uwe mwongo. Ukidanganya zaidi, mwenzako atalipa kila kitu. Ukidanganya pungufu, atatupa kila kitu, na siku umeshika dhahabu hakuna wa kukulipa. Kuna wachezaji wanaoangalia mshale wa sekunde kwenye saa ili saa iwaamulie, wasijenge mazoea yanayosomeka.

Lakini uwiano huo ni ngao ya mtu anayecheza na mtu asiyemjua au aliye bora kuliko yeye. Ukimjua mwenzako, unauacha. Desemba 2009, Viktor Blom, kijana wa Sweden aliyecheza mtandaoni kwa jina la Isildur1, alipoteza zaidi ya dola milioni 4 kwa Brian Hastings wa Marekani ndani ya saa chache za Omaha hii hii ya dau la kitita. Blom alikuwa anaogopwa kwa mikwara yake. Hastings baadaye alisema wazi kwamba alikuwa ameandaliwa kwa uchambuzi wa mikono mingi ya Blom, kazi ambayo mwenzake Brian Townsend aliifanya, na zikazuka kelele kubwa kuhusu kama hiyo ni haki. Tuziache kelele. Ninachokiona ni kwamba mpiga mkwara hodari aliingia na ujasiri, akamkuta mtu aliyeingia na daftari.

Sasa hoja ya shilingi. Dada mmoja wa uhasibu, ambaye ndiye mchezaji wetu bora na ndiye anayeiongoza hoja hiyo, alinieleza hivi: "Kaka, hizo hesabu zako zote zina herufi moja, mara ngapi mtu anatupa. Kwenye maharage hakuna anayetupa. Analipa aone tu, kesho anachota mengine. Mkwara haupo hapa kwetu, tunajifunza mchezo nusu." Na kwa hilo yuko sahihi kabisa. Kitu kisichouma kupoteza hakiwezi kumtisha mtu. Nimefuatilia jioni zetu za karibuni, na karibu kila mkwara wa karata ya tano umelipwa, mara nyingine na watu waliokuwa wanacheka tayari. Bila uchungu wa namna fulani, nusu ya makala hii ni nadharia.

Ila fuata hesabu ile ile mpaka mwisho. Tukihamia shilingi, nani atatupa karata mara nyingi zaidi? Si dada wa uhasibu, ambaye ana kazi ya jioni. Ni yule ambaye hela aliyonayo mfukoni ndiyo chakula chake hadi awamu ijayo ya boom. Huyo akiona kitita cha elfu kumi anaona sahani za wali. Atatupa flashi ya mfalme. Atatupa fulu ndogo. Kama anatupa mara 8 kati ya 10, mkwara wangu wa kitita kizima dhidi yake una faida ya asilimia 60 ya kitita kila nikipiga, hata nikiwa na karata za kufungia maandazi. Kwa hiyo lile jibu sahihi la swali la "mkwara unapigwa saa ngapi" litakuwa: kila saa, dhidi ya mwenzio anayelala kitanda cha juu yako, kwa sababu ndiye maskini kuliko wote. Nimeipiga hesabu hiyo mara mbili na haina kosa. Ndiyo sababu nitapiga kura ya hapana.

Uchungu tunaweza kuupata kwingine. Pendekezo langu, ambalo nitalileta siku ya kura, ni daftari la muhula: maharage hayachotwi upya, kila mtu anabeba salio lake wiki hadi wiki, na watatu wa mwisho wanapika na kuosha vyombo siku ya kikundi kufunga muhula. Mtu aliyebakiwa na punje 70 wiki ya kumi atafikiria kabla ya kulipa "aone tu". Dada anasema vyombo haviumi vya kutosha. Tutaona, yeye hajawahi kuosha sufuria ya pilau ya watu 30.

Nimalizie na mkono mmoja wa mazoezi, ufanye kabla hujasoma jibu. Mko wawili tu. Una ree ya shupaza, mfalme wa uru, mfalme wa kopa na kumi ya pau. Zinafunuliwa malkia wa shupaza, saba ya shupaza, tatu ya uru. Kitita ni 20, mwenzako anagonga meza, unaweka 20, analipa. Kitita 60. Karata ya nne ni nane ya pau, wote mnagonga. Ya tano ni mbili ya shupaza. Anagonga tena. Shupaza tatu mezani, hakuna jozi, ree kavu ni yako. Unasukuma 60?

Wengi watasema ndiyo kabla sijamaliza kuuliza. Tuseme mwenzako ni wa kulipa sana, anatupa mara 3 tu kati ya 10. Utapata 18 na kupoteza 42, hasara 24 kwa wastani, na kizibo chako chote kimekwenda na maji. Kwa mtu huyo gonga meza. Tuseme sasa ni mtu anayefikiria, anatupa mara 65 kati ya 100. Unapata 39 na kupoteza 21, faida 18. Vizuri, lakini tazama wafalme wako wawili. Ukigonga na wewe, mkafunua, mara nyingine wafalme wanashinda bila vita, maana mwenzako naye anaweza kuwa alisubiri kitu kisije. Ikiwa ni mara 1 kati ya 4, kugonga kunakupa wastani wa 15. Mkwara umekuongezea punje 3 tu juu ya kukaa kimya, na baadhi ya waliotupa karata zao ulikuwa umeshawashinda.

Badili wafalme na kumi uweke sita ya uru, tano ya uru na nne ya pau kando ya ree ile ile. Ulikuwa unasubiri mfululizo, haukuja, na kwa karata hizo huna jozi wala chochote. Ukigonga unapata sifuri. Ukisukuma kwa yule anayefikiria, 18 zote ni faida tupu. Mwenye wafalme anaweza kugonga meza na kulala. Mwenye sita, tano, nne ndiye anayetakiwa kusukuma 60, na mkono usitetemeke.